Wundt wa vitabu vya kiada na Wundt wa maandishi yake: umfuate yupi?

Wanafunzi wa saikolojia hukutana na Wilhelm Wundt wiki ya kwanza ya masomo, na kwa kawaida humpata katika mistari isiyozidi kumi. Mjerumani, Chuo Kikuu cha Leipzig, mwaka 1879, maabara ya kwanza ya saikolojia. Kisha huongezwa kwamba ndiye baba wa umuundo, kwamba alitaka kuichambua akili mpaka kwenye chembe zake za mwisho, na kwamba kazi ya maabara yake ilikuwa kuwakalisha watu wajichunguze ndani na kusimulia walichokiona humo. Baada ya hapo huingia wanasaikolojia wa tabia wa Marekani, wakaitupa njia hiyo, na Wundt hatajwi tena hadi siku ya mtihani.

Mji na mwaka ni sahihi. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni mafundisho ya mtu mwingine, Edward Bradford Titchener, aliyekaa Leipzig miaka miwili tu.

Kwa hiyo ziko picha mbili za Wundt, na anayeandika insha au kuandaa mhadhara hawezi kuzitumia zote, maana zinapingana. Ya kwanza ilianza kwa Titchener, ikapitia kwa mwanafunzi wake Edwin Boring, ikaingia katika vitabu vya kiada vya Marekani ambavyo vimefika pia katika maktaba za vyuo vyetu. Ya pili ililetwa na watafiti waliomrudia Wundt katika Kijerumani chake kuanzia miaka ya 1970, hasa Arthur Blumenthal na Kurt Danziger. Nitazipanga ubavu kwa ubavu katika mambo matatu: njia ya utafiti, maelezo ya akili, na ile nusu ya kazi yake ambayo haifundishwi. Nasema mapema kwamba mimi nimechagua ya pili, ila siichukui nzima.

Picha hizi zilikotoka

Titchener alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Chichester mwaka 1867. Alipata uzamivu wake Leipzig mwaka 1892, akaenda mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, akafundisha huko hadi alipofariki mwaka 1927. Alikuwa mtu wa bidii na mfasiri hodari, na hapo ndipo shina la mambo lilipo. Kazi kuu ya Wundt, *Grundzüge der physiologischen Psychologie*, ilikamilika kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1874, ikakua toleo baada ya toleo. Toleo la tano lilikuwa na juzuu tatu. Mwaka 1904 Titchener alitoa kwa Kiingereza juzuu ya kwanza peke yake, ile inayohusu zaidi neva na ubongo. Sura za umakini, utashi na fahamu, ambazo ndizo moyo wa mafundisho ya Wundt, zilibaki upande wa Kijerumani. Msomaji asiyejua lugha hiyo alipewa mlango akadhani ameiona nyumba.

Mwaka 1929 Boring alichapisha *A History of Experimental Psychology* na kuitabaruku kwa Titchener. Toleo la pili la mwaka 1950 likawa ndilo rejea la vizazi vya wahadhiri. Ni kitabu chenye uhai, na siwezi kumwambia mtu asikisome. Boring ndiye aliyepiga hesabu kwamba Wundt alichapisha kurasa 53,735 katika maisha yake ya uandishi, wastani wa zaidi ya kurasa mbili kwa siku. Lakini Boring alikuwa ameulea usomi wake wote katika nyumba ya Titchener, na Wundt aliyemchora ni Wundt anayeishia kwa Titchener.

Mambo mengine mawili yaliisaidia picha hiyo kukaa. Oktoba 1914 Wundt, akiwa na miaka 82, alitia saini lile tamko la wasomi 93 wa Ujerumani waliotetea vita vya nchi yao. Ni doa lake, na wanaompenda wasilifiche. Baada ya hapo wachache upande wa pili wa Atlantiki walikuwa na hamu ya kumtetea. Na mwaka mmoja kabla, 1913, John Watson alikuwa ametangaza saikolojia ya tabia na kushambulia kujichunguza ndani. Shabaha yake ya karibu ilikuwa watu wa aina ya Titchener, lakini kwa kuwa Titchener alihesabiwa kuwa msemaji wa Wundt, mshale uliwapata wote wawili.

Danziger ana sababu ya ndani zaidi, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito. Katika makala yake ya mwaka 1979 alionyesha kwamba kizazi kilichomfuata Wundt, Titchener akiwemo pamoja na Oswald Külpe, kilivutwa na falsafa ya Ernst Mach, iliyotaka sayansi ieleze tu yale yanayopatikana katika hisi. Wundt hakukubali. Kwake saikolojia ilisimama katikati, mguu mmoja katika sayansi za maumbile na mguu mwingine katika taaluma za historia, lugha na jamii. Mwaka 1913 aliandika hadharani kupinga saikolojia itengwe na falsafa. Vijana walitaka kutenga, wakatenga, na historia ikaandikwa na waliotenga.

Ndani ya maabara walifanya nini?

Hapa tofauti ni kubwa kuliko mahali pengine popote, na anayeshindwa kuamua aanzie hapa.

Picha ya kwanza inasema: watu waliofunzwa kutazama ndani ya nafsi zao, wakitoa ripoti ndefu za wanayoyaona, ripoti zisizoweza kuhakikiwa na mtu mwingine. Maelezo haya yanafaa kwa Cornell. Yanafaa pia, kwa namna nyingine, kwa Würzburg, chuo kingine cha Ujerumani, alikohamia Külpe. Kwa Leipzig hayafai.

Wundt alitenganisha mambo mawili ambayo wafuasi waliyachanganya. La kwanza ni mtu kuyatazama mawazo yake yanavyopita na kuyasimulia. Hilo aliliona haliwezekani kuwa sayansi, kwa sababu anayetazama na anayetazamwa ni mmoja, na ukiitazama hasira yako inakwisha kuwa hasira ileile. La pili ni mtu kusema palepale, katika hali iliyopangwa na inayoweza kurudiwa, iwapo mwanga huu umezidi ule, iwapo sauti imetangulia au imefuata. Hilo alilikubali, na kwa masharti: anayejibu awe anajua jambo linakuja, awe makini, jaribio lirudiwe mara nyingi, na hali zibadilishwe kwa mpango ili ionekane ni nini kinabadilisha nini.

Ukisoma kazi zenyewe utaona saa na vipimo vikitawala. Kifaa kilichotumika sana ni kronoskopu ya Hipp, saa yenye kupima sehemu moja ya elfu ya sekunde. Danziger alipitia juzuu za *Philosophische Studien*, jarida alilolianzisha Wundt mwaka 1881, na kati ya takriban tafiti 180 za majaribio zilizotoka kati ya 1883 na 1903 alikuta nne tu zilizotumia kujichunguza ndani kwa maelezo marefu. Nne katika 180. Takwimu hiyo moja inatosha kuiangusha sentensi inayorudiwa katika madarasa mengi.

Chukua mfano wa Ludwig Lange, mwaka 1888. Aliwaambia washiriki wake wabonyeze mara tu wasikiapo sauti. Nyakati nyingine walielekeza umakini kwenye sauti inayosubiriwa, na nyakati nyingine kwenye mkono utakaobonyeza. Waliosubiri sauti walichelewa kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Hakuna aliyeombwa kusimulia kilichomo moyoni mwake, na bado umakini, kitu kisichoonekana wala kushikika, ulikuwa umeacha alama yake kwenye saa. Au mfano wa James McKeen Cattell, Mmarekani aliyepata uzamivu wake Leipzig mwaka 1886: aligundua kwamba neno fupi linasomwa haraka sawa na herufi moja. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anayejadili kufundisha herufi kwanza au neno zima yumo ndani ya swali hilo hadi leo.

Kuna ushahidi mwingine ambao peke yake ungetosha. Mwaka 1907 Wundt aliandika makala kali dhidi ya watafiti wa Würzburg, waliokuwa wakimwuliza mtu swali gumu, wakipokea jibu, kisha wakimtaka aeleze yaliyopita akilini alipokuwa anafikiri. Wundt alisema hayo si majaribio kabisa: hayarudiwi katika hali ileile, na mjibuji anashtukizwa. Yule ambaye vitabu vya kiada vinamwita baba wa kujichunguza ndani ndiye aliyesimama kuipinga njia hiyo kwa kalamu yake. Katika kipengele hiki sina la kusitasita: picha ya kwanza ni kosa.

Chembe au utashi?

Hapa picha ya kwanza ina ukweli kidogo. Wundt alizungumzia chembe za msingi za akili, yaani hisi tupu na hisia sahili, na kitabu chake kifupi cha mwaka 1896, *Grundriss der Psychologie*, kinaanza na chembe hizo kabla ya kupanda kwenye mambo yaliyounganika. Anayesoma yaliyomo peke yake atadhani Titchener alisema kweli.

Asome hadi mwisho. Kwa Titchener kuhesabu chembe ilikuwa kazi yenyewe. Mwaka huohuo wa 1896 aliorodhesha zaidi ya aina 44,000 za hisi. Kwa Wundt chembe ni matokeo ya uchambuzi, hazipatikani zikiwa peke yake katika maisha ya mtu, na linalotakiwa kuelezwa ni jinsi kitu kilichounganika kinavyopata sifa ambazo hazimo katika sehemu zake. Aliita jambo hilo usanisi wenye kuumba. Noti tatu zikipigwa pamoja hutoa kitu ambacho hakuna hata moja kati yake iliyokuwa nacho.

Na kinachounganisha ni nani? Mtu mwenyewe, kwa tendo la kukusudia. Wundt alilipa tendo hilo jina la apasepsheni: kati ya vingi vilivyomo katika fahamu, akili huvuta kimoja na kukiweka katikati, kikang'aa. Ndiyo sababu aliuita mtazamo wake kwa jina la utashi. Neno umuundo ni la Titchener, na Titchener aliitupa apasepsheni nje ya mfumo wake. Kumwita Wundt mwanzilishi wa umuundo ni kumpachika jina la mtu aliyeondoa nguzo ya kati ya nyumba yake.

Juzuu kumi ambazo hazifundishwi

Kati ya 1900 na 1920 Wundt alichapisha juzuu kumi za *Völkerpsychologie*: lugha, sanaa, visasili na dini, jamii, sheria, utamaduni na historia. Picha ya kwanza huzitaja kwa sentensi moja, kama shughuli ya mzee aliyechoka na maabara. Lakini mpango huo ulikuwamo tayari katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1863, miaka kumi na sita kabla ya maabara. Hoja yake ilikuwa kwamba majaribio yana mpaka. Unaweza kupima jinsi mtu anavyoitikia mwanga. Huwezi kupima kwa kronoskopu jinsi watu wanavyopata lugha au desturi, kwa sababu vitu hivyo hakuna anayevitengeneza peke yake. Vinahitaji njia yao: kulinganisha, kufuata historia.

Juzuu za lugha ndizo ninazozipenda zaidi. Wundt alisema sentensi haijengwi kwa kubandika neno juu ya neno. Msemaji huanza na wazo zima, kisha hulipasua katika sehemu zake na mahusiano yake, na maneno hufuata. Leonard Bloomfield, mwanaisimu wa Marekani, alimfuata Wundt katika kitabu chake cha mwaka 1914, akamwacha kufikia mwaka 1933 alipoegemea saikolojia ya tabia. Miongo michache baadaye watafiti wa saikolojia ya lugha walirudi kwenye swali lilelile, na Blumenthal alikuwa mmoja wao.

Waliopita Leipzig wanaonyesha pia upana wa kazi hiyo. Mbali na wanasaikolojia, na tasnifu 186 alizozisimamia, mwanafalsafa wa jamii George Herbert Mead alisoma huko, mwanasosiolojia Émile Durkheim alipita huko katika ziara yake ya Ujerumani, na mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alikaa huko kabla ya kwenda London. Mwenye kumjua Wundt kama mtu wa chembe na kujichunguza hawezi kueleza watu hao walifuata nini.

Pale ambapo siifuati picha ya pili

Makala ya Blumenthal ya mwaka 1975 katika *American Psychologist* ndiyo iliyofungua mlango, na heshima yake ibaki. Lakini iliandikwa wakati saikolojia ya utambuzi, ile inayochunguza kufikiri, umakini na kumbukumbu, inapanda, na inamfanya Wundt afanane mno na watu wa wakati huo. Mtu huondoka akidhani Wundt alikuwa mwenzao aliyetangulia kuzaliwa. Hakuwa. Alikuwa mwanafalsafa wa Kijerumani wa karne ya 19, mwenye imani kwamba historia ya wanadamu inapanda ngazi, na ngazi hiyo inatugusa sisi moja kwa moja.

Mwaka 1912 alitoa kitabu cha muhtasari, *Elemente der Völkerpsychologie*, akigawa historia ya binadamu katika enzi nne. Katika enzi ya kwanza aliwaweka, pamoja na wengine, watu wa misitu ya Kongo na Wasani wa kusini mwa Afrika, kama kwamba wao ni picha ya mwanzo wa mwanadamu iliyobaki hai. Hakuwahi kufika Afrika. Alitegemea maandishi ya wasafiri. Katika kitabu hichohicho alisema kipaji cha akili cha watu hao kinakaribia kuwa sawa na cha wale aliowaita wastaarabu, na kwamba tofauti iko katika upana wa maisha wanamokitumia. Kwa mwaka 1912 kauli hiyo haikuwa ndogo. Lakini ngazi ilibaki ngazi, na sisi ndio tuliowekwa chini yake. Wanaomsafisha Wundt mara nyingi hupita haraka hapa. Mhadhiri wa Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi asipite haraka.

Niongeze jambo la pembeni: Leipzig ya miaka hiyo haikuwa mbali na pwani yetu kama tunavyodhani. Karl Weule, wa jumba la makumbusho ya tamaduni la mji huo, alifika Lindi mwaka 1906 na kupanda uwanda wa Makonde kukusanya vifaa na habari. Anayetaka kufundisha usomi wa Kijerumani wa wakati ule anaweza kuanzia kusini mwa Tanzania.

Basi ushike kitabu gani?

Ukiwa na muda wa kusoma kitu kimoja tu, usianze na wanahistoria. Soma *Outlines of Psychology*, tafsiri ya Charles Judd ya mwaka 1897 ya kile kitabu kifupi cha 1896. Judd alipata uzamivu wake kwa Wundt, na kitabu ni kizima, si kipande. Anza na sehemu ya mwisho, inayoeleza kanuni za akili, ndipo urudi mwanzoni. Ukifuata mpangilio wa kurasa, chembe zitakuchosha kabla hujafika kwenye usanisi.

Kwa anayeandika kuhusu njia za utafiti, Danziger ndiye wa kushika: makala yake ya mwaka 1980 kuhusu historia ya kujichunguza ndani, au kitabu chake cha mwaka 1990, *Constructing the Subject*. Anayefanya isimu amchukue Blumenthal. Mwenye kutafuta mjadala wa Afrika katika saikolojia ya Ulaya apate tafsiri ya *Elemente* iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1916, asome sura ya kwanza akiwa na kalamu mkononi. Tafsiri ya Titchener ya mwaka 1904 iache, isipokuwa kama unachunguza jinsi Titchener alivyofanya kazi.

Boring je? Mweke rafuni kwa ajili ya vifaa, tarehe na watu. Humo anasimulia vizuri. Anapoanza kueleza Wundt alifundisha nini, mfunge na umfungue Judd.

Na kwa mwalimu mwenye dakika arobaini na darasa lililojaa, jaribio la Lange halihitaji kronoskopu. Simu yoyote yenye programu ya kupima kasi ya kuitikia inatosha. Wanafunzi wabonyeze mara ishirini wakisubiri sauti, kisha mara ishirini wakisubiri kidole chao, na waandike wastani ubaoni wenyewe. Kisha waulizwe ni nani kati yao aliyejichunguza nafsi.